Binti amechanjwa Mbagala, mama yake atapimwa lini?

APRILI 10, mwaka 2018, viwanja vya Zakhem, Mbagala, wilayani Temeke, vilishuhudia jambo lililosubiriwa kwa miaka mingi na wataalamu wa afya nchini. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kitaifa chanjo ya kuwakinga wasichana wenye umri wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao wengi bado huuita saratani ya shingo ya kizazi. Lengo lilikuwa kuwafikia wasichana zaidi ya 600,000 nchi nzima katika mwaka huo wa kwanza.

Ulikuwa mwanzo mzuri, na mahali palikuwa panastahili. Temeke ni wilaya yenye wakazi 1,346,674 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na Kinondoni, iliyoko upande wa kaskazini wa jiji, ina wakazi 982,328. Katika maeneo kama Mbagala, Charambe, Tandika, Tandale na Mwananyamala huishi sehemu kubwa ya wanawake wanaoliendesha Jiji la Dar es Salaam kwa kazi ndogondogo: mama lishe, wauza samaki, wafanyakazi wa majumbani na wachuuzi wa mitumba.

Hata hivyo, uzinduzi ule uliacha swali ambalo halijapata jibu la kutosha hadi leo. Chanjo ilikuwa ya binti. Mama wa binti mwenye miaka 14 kwa kawaida ana umri wa kati ya miaka 30 na 50, na huo ndio umri ambao mabadiliko yaliyoanza kimyakimya ujanani huanza kugeuka kuwa saratani. Kwa mama huyo chanjo imekwisha kuchelewa. Kinga yake imebaki moja tu, nayo ni kupimwa kabla hajaumwa.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani za aina zote 40,464, na vifo 26,945. Katika hao, wagonjwa wapya 10,241 walikuwa wa saratani ya mlango wa kizazi, na wanawake 6,525 walikufa kwa ugonjwa huo. Hiyo ni robo ya wagonjwa wote wapya, wanaume na wanawake kwa pamoja, na ni wastani wa wanawake wapatao 18 wanaopoteza maisha kila siku.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika orodha ndefu ya saratani, hii ndiyo inayofahamika vizuri kuliko karibu zote. Chanzo chake kinajulikana, mwendo wake unajulikana, chanjo ipo, kipimo cha bei nafuu kipo, na tiba ya hatua za awali inaweza kutolewa katika kituo cha afya cha kawaida. Ili kuelewa kwa nini bado inaua kwa kiasi hicho, ni lazima kwanza kuelewa inavyoanza.

Seli zinapoasi

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila siku seli zilizochakaa hufa na nyingine huzaliwa kwa kugawanyika. Maelekezo ya lini seli igawanyike, lini isimame na lini ife yameandikwa katika vinasaba vilivyomo ndani yake. Seli pia ina walinzi wake, yaani protini maalumu zinazokagua vinasaba hivyo. Zikigundua kasoro, huisimamisha seli ili ijirekebishe, na kama kasoro haitengenezeki, huiamuru ife.

Saratani huanza pale vinasaba vinapoharibika na walinzi hao wakashindwa kazi. Seli moja huanza kugawanyika bila kufuata amri, na watoto wake hurithi uasi huo. Kadiri zinavyozidi kugawanyika ndivyo kasoro mpya zinavyoongezeka, hadi kundi hilo linapojenga uvimbe, kuvunja mipaka ya mahali lilipozaliwa na kupenya katika tishu za jirani. Hatimaye baadhi ya seli husafiri kwa njia ya damu au mitoki na kwenda kuota kwingine, kama vile kwenye mapafu, ini au mifupa.

Kwa hiyo saratani si ugonjwa mmoja. Ni jina la magonjwa mengi yenye tabia moja ya uasi wa seli, lakini yenye vyanzo tofauti. Tumbaku huharibu vinasaba vya seli za mapafu, miale ya jua huharibu ngozi za watu wenye ualbino, na virusi vya homa ya ini aina ya B huchochea saratani ya ini. Ziko pia kasoro za kurithi, na ziko zinazotokea kwa bahati mbaya tu kadiri umri unavyosonga.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya elimu hii. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa ajabu uliokuwa ukiota kwenye mataya ya watoto. Mwaka 1964 watafiti nchini Uingereza walipochunguza sampuli za uvimbe huo walikuta kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana hapo kabla, na ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Kikawa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Baadaye mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alionyesha kuwa saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, maarufu kwa kifupi HPV. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008. Tuzo hiyo aligawana na Wafaransa wawili waliogundua Virusi vya Ukimwi (VVU), Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier. Virusi hivyo viwili vilivyokutanishwa katika tuzo moja ndivyo hukutana pia katika miili ya wanawake wengi wa ukanda huu.

Kirusi kinachosubiri miaka 15

HPV ina aina nyingi, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Huenezwa kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi za sehemu za siri, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa kabisa. Ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani maishani, mara nyingi ujanani, bila kujua.

Kwa wengi wao mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kirusi hubaki. Kikibaki, hutengeneza protini mbili zinazowafunga mikono wale walinzi wa seli waliotajwa hapo juu. Seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika taratibu, lakini bado si saratani. WHO inaeleza kuwa kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mabadiliko hayo kuwa saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo hupungua hadi miaka mitano au 10.

Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo. Dawa za kupunguza makali ya VVU zimewaokoa mamilioni wasife mapema kwa Ukimwi, lakini maisha hayo marefu yanahitaji kulindwa dhidi ya ugonjwa wa pili unaonyemelea. Uvutaji wa sigara na kuzaa mara nyingi tangu umri mdogo pia huongeza uwezekano wa kirusi kubaki mwilini na kuleta madhara.

Miaka hiyo 15 ndiyo kiini cha mjadala huu. Ni saratani chache zinazotoa muda mrefu namna hiyo wa kuzikamata kabla hazijazaliwa. Lakini katika muda wote huo mwanamke haumwi. Hana homa, hana uvimbe, hatokwi damu, naye huendelea kuamka alfajiri kwenda Soko la Samaki la Feri au kuwasha jiko la maandazi huko Tandika. Katika mazoea ya jamii yetu, asiyeumwa haendi hospitali.

Aibu na lawama ndani ya nyumba

Kikwazo kingine kimo katika namna ugonjwa wenyewe unavyozungumzwa. Kwa kuwa kirusi huenezwa kwa kujamiiana, wapo wanaoichukua saratani hii kuwa ushahidi wa umalaya. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa huogopa kumwambia mumewe, kwa kuwa hajui mume atalichukuliaje. Mume naye akisikia kuwa chanzo ni kirusi cha zinaa, huanza kuuliza kimetoka kwa nani.

Sayansi haiungi mkono lawama hizo. Kirusi kinaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila dalili, hivyo majibu ya leo hayawezi kueleza mwenendo wa mtu wa mwaka huu wala wa mwaka jana. Mwanamke aliyejamiiana na mwanamume mmoja tu maishani anaweza kuugua. Mwanamume hubeba kirusi hichohicho na kukipeleka kwa mwenzake bila kujijua, na yeye pia anaweza kupata saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa au ya koo kutokana nacho. Ugonjwa huu, kwa hiyo, ni wa nyumba nzima, ingawa kaburi huwa la mwanamke.

Maelezo hayo yanapokosekana, nafasi hujazwa na mengine. Damu isiyokoma huitwa uchawi au jini. Mwaka 2011 taifa lilishuhudia maelfu ya watu wakipanga foleni ya magari huko Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Mstaafu Ambilikile Masapila, kufuata kikombe cha dawa kilichoaminiwa kutibu magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Tukio lile lilidhihirisha jinsi wagonjwa wanavyoweza kuuza mali na kusafiri mamia ya kilomita pale wanapoamini kuwa kuna uponyaji. Watu hao hawakukosa utayari wa kutibiwa. Walichokosa wengi wao ni kufikiwa mapema na huduma yenye uthibitisho, karibu na nyumbani.

Siki, taa na dakika moja

Huduma hiyo ipo, na urahisi wake huwashangaza wanaoifahamu kwa mara ya kwanza. Muuguzi aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa katika siki hafifu, husubiri takriban dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka kuwa nyeupe. Majibu hutolewa papo hapo, wala hakuna sampuli ya kupeleka maabara.

Akionekana na weupe usio wa kutisha, mwanamke anaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Njia moja ni tiba mgando, ambayo hugandisha seli mbaya kwa baridi kali ya gesi. Nyingine ni kuziunguza kwa kifaa chenye joto kwa muda usiofika dakika moja. Mwanamke hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kwa utaratibu huo, ugonjwa ambao ungemuua baada ya miaka 10 unaweza kuishia hapo.

Kipimo cha siki kina mapungufu yake. Hutegemea jicho na uzoefu wa mpimaji, na hakifai sana kwa wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejificha ndani. Ndiyo maana tangu mwaka 2021 WHO inapendekeza kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kuanzia umri wa miaka 30, na kurudiwa kila baada ya miaka mitano hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU, kipimo kianze wakiwa na miaka 25 na kirudiwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Faida kubwa ya kipimo hicho ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti maalumu, akiwa faraghani, bila kukaguliwa na mtu.

Kwa mwanamke wa Charambe au Tandale anayeona haya kuvua nguo mbele ya mhudumu, na pengine mhudumu mwenyewe akiwa jirani yake, tofauti hiyo si ndogo. Inaweza kuwa sababu ya kupimwa au kutopimwa kabisa.

Anapofika Ocean Road

Kwa asiyepimwa, dalili huja zikiwa zimechelewa. Damu hutoka baada ya tendo la ndoa, katikati ya siku za mwezi au miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma. Huja uchafu wenye harufu kali, maumivu ya nyonga na kiuno, kisha miguu kuvimba. Mirija ya mkojo inapozibwa na uvimbe, figo nazo huanza kushindwa kazi.

Safari ya tiba nayo huwa na vituo vingi. Zahanati ya mtaa humpa dawa ya maambukizi, pengine mara mbili au tatu. Baadaye hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au ya Mwananyamala, ambako hukatwa kinyama kidogo kwa ajili ya kuchunguzwa kwa darubini. Hapo ndipo saratani huthibitishwa, kwa kuwa hakuna daktari anayeweza kuitibu kwa kuikisia. Majibu yakitoka, picha na vipimo vingine hufuata ili kujua ugonjwa umefika hatua gani kati ya nne.

Mwisho wa safari hiyo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoko kando ya bahari si mbali na Ikulu. Majengo yake ya kale yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Barabara inayopita mbele yake ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, lakini kwa wakazi wa jiji “kupelekwa Ocean Road” bado ni maneno yanayotamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni hukumu.

Hofu hiyo ina sababu. Kwa miaka mingi viongozi wa taasisi hiyo wamekuwa wakieleza kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Wanaofika katika hali hiyo wengi hufa, na wanaobaki mtaani huona kuwa aliyekwenda Ocean Road hakurudi. Matokeo yake, mwingine mwenye dalili hujificha, naye huja kupelekwa akiwa amechelewa vilevile. Hivyo kuchelewa huzaa hofu, na hofu huzaa kuchelewa kupya.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa si ndogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa takriban wanawake tisa kati ya 10 wanaogunduliwa saratani ikiwa bado kwenye mlango wa kizazi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imekwisha kusambaa hadi viungo vya mbali, ni chini ya wawili kati ya 10.

Katika hatua za mwanzo upasuaji wa kuondoa kizazi unaweza kutosha. Ugonjwa ukivuka hapo, tiba kuu ni mionzi, ambayo huvunja vinasaba vya seli za saratani ili zishindwe kugawanyika. Huambatana na dawa ya tibakemikali inayozifanya seli hizo ziathiriwe zaidi na mionzi. Mgonjwa hupigwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki tano, kisha hupewa mionzi ya ndani inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Ocean Road, ambayo kwa muda mrefu ilitegemea mashine za kobalti, iliongezewa mwaka 2018 mashine za kisasa zinazolenga uvimbe kwa usahihi zaidi.

Kwa miaka mingi pia sera ya msamaha wa gharama imewahesabu wagonjwa wa saratani kuwa miongoni mwa wanaostahili nafuu. Lakini gharama ya ugonjwa haiishii dirisha la malipo. Mama wa Mbagala mwenye mizunguko 25 ya mionzi ana safari 25 za kwenda na 25 za kurudi, akiwa na uchovu, kichefuchefu na maumivu, ndani ya daladala iliyojaa. Mara nyingi huhitaji mtu wa kumsindikiza, ambaye naye huacha kazi yake. Biashara ya chapati husimama, marejesho ya VICOBA hukwama, na binti mkubwa huacha masomo ili awalee wadogo zake.

Kutoka Mbagala hadi Ocean Road hakufiki kilomita 20. Mgonjwa wa Kigoma au Songea angesema huyo ameishi mlangoni mwa hospitali. Bado wapo wa Mbagala wanaofika wakiwa wamechelewa sawa na wa Kigoma, jambo linaloonyesha kuwa umbali wa barabara hauelezi kila kitu. Umbali mwingine ni ule wa miaka kati ya siku seli ya kwanza ilipobadilika na siku mwanamke alipochunguzwa kwa mara ya kwanza.

Chanjo inafanya nini, na haifanyi nini

Chanjo ya HPV haina kirusi hai. Ina maganda matupu yanayofanana na ya kirusi, yasiyo na vinasaba vya kusababisha ugonjwa, ambayo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Kwa sababu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwa msichana ambaye bado hajakutana na kirusi. Uvumi uliosambaa mitaani kwamba chanjo hiyo huharibu uzazi hauna ushahidi wowote. Kinyume chake, inazuia ugonjwa ambao wenyewe huwalazimisha madaktari kuondoa kizazi.

Matokeo yake yameanza kuonekana duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 nchini Uingereza ulionyesha kuwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 walipungukiwa na saratani ya mlango wa kizazi kwa asilimia 87 wakilinganishwa na ambao hawakuchanjwa. Rwanda, iliyoanza chanjo hiyo kitaifa mwaka 2011, imethibitisha kuwa nchi ya Kiafrika inaweza kuwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wake.

Tanzania na Kenya zimechangia pia katika jambo kubwa. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wenye umri wa miaka tisa hadi 14 uliangalia kama dozi moja inaweza kuamsha kinga ya kutosha badala ya mbili au tatu. Mwingine uliofanyika Kenya kwa wasichana na wanawake 2,275 wenye miaka 15 hadi 20 ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Ushahidi wa namna hiyo uliishawishi WHO mwaka 2022 kukubali ratiba ya dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka tisa hadi 14.

Mabinti wa miaka 14 waliochanjwa mwaka 2018 walizaliwa mwaka 2004, na watatimiza miaka 30 mwaka 2034. Maana yake ni kwamba faida kubwa ya uzinduzi wa Zakhem katika kupunguza vifo itaonekana baada ya hapo. Katika kipindi chote cha kusubiri, watakaokuwa wakifa ni wanawake ambao hawakuwahi kuchanjwa, yaani mama zao, dada zao wakubwa na walimu waliowapanga mstari siku ile.

Kazi iko mitaani

Mkakati wa dunia uliozinduliwa na WHO Novemba 17, 2020 unazitaka nchi zifikie malengo matatu ifikapo mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Lengo la kwanza lina shule, kadi na siku maalumu. Lengo la pili halina shule. Hakuna darasa la wanawake wa miaka 35 ambalo mwalimu anaweza kulipanga mstari.

Lakini yapo mazingira yanayokaribia hilo. Kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU huwaona wanawake walewale kila baada ya miezi michache, nao ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kliniki za watoto hujaa akina mama. Vikundi vya VICOBA hukutana kila wiki, masoko ya Tandika na Tandale yana viongozi wanaofahamika, na kila mtaa una mwenyekiti na wajumbe wanaojua nani anaishi nyumba ipi. Misikiti na makanisa yana jumuiya za wanawake. Kipimo kikiwafuata huko, hakitasubiri mtu aumwe.

Kufanya hivyo kunahitaji mambo ya kawaida kabisa: muuguzi aliyefunzwa ambaye hahamishwi kila mwaka, gesi ya tiba mgando isiyokwisha, chumba chenye pazia, na daftari la kumfuatilia aliyepewa rufaa hadi ijulikane kuwa alifika. Upimaji usio na tiba nyuma yake ni kumpa mtu hofu na kumwacha nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itapimwa kwa mambo kama haya, yaani iwapo mwanamke asiyeumwa ataweza kuingia zahanati ya karibu akachunguzwa bila kuhesabu nauli ya kesho.

Wanaume nao hawawezi kubaki pembeni. Katika nyumba nyingi wao ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu fedha na ruhusa ya kutoka. Mume anayejua kuwa kirusi hiki si ushahidi wa usaliti, na kwamba huenda yeye ndiye aliyekileta bila kujua, anaweza kumsindikiza mkewe badala ya kumhoji.

Uzinduzi wa Zakhem ulithibitisha kwamba Serikali ikiamua inaweza kuwafikia wasichana wa nchi nzima kwa jambo moja. Uamuzi wa namna hiyohiyo haujafanyika kwa mama zao, ingawa kirusi ni kilekile, na siki, taa na pamba vinagharimu kidogo kuliko wiki tano za mionzi. Hadi utakapofanyika, binti wa Mbagala atakuwa na kinga ya kutosha ya kuuona uzee wake, lakini hakuna anayeweza kumhakikishia kuwa mama yake naye atakuwapo.